Mnazi Hausimami Hewani

Siyu, 9 Februari 2025

Kaka Husni,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti la Mama limepoa kidogo, anakusalimu. Natumai wewe, wifi Rawiya na watoto mu wazima huko Lamu, mtaani Wiyoni. Nakuandikia kwa sababu Mama amenipokonya simu baada ya kelele zetu za juzi juu ya yale mapengo ya minazi. "Simu yawapandisha mashetani," amesema. "Andikianeni. Karatasi haina koo." Basi barua hii anakuletea Bi Barka, akija huko kuuza mikeka yake.

Jana watu watatu walikuja shambani na kamba na vigingi. Niliwauliza wanapima nini. Mmoja akanijibu, "Twapima udongo, dada. Shamba hatuligusi." Akacheka. Wakanieleza kwamba umeuahidi udongo wetu wa juu, ule mweusi, kwa mwenye nyumba ya wageni huko Lamu anayetaka bustani juu ya mchanga wa pwani. Utachimbwa, utiwe maguniani, ubebwe na punda mpaka gati la Mtangawanda.

Tangu jana nalirudia neno hilo peke yangu: shamba hatuligusi. Ukimchuna mbuzi ngozi, utasema mbuzi hukumgusa?

Baba alipanga zile safu za mawe kukata mteremko. Alifukia makumbi ya nazi kila kiangazi, akakataa katakata mtu kuchoma majani. Watu walimwita bahili wa takataka. Kumbe alikuwa akitengeneza kile unachokiuza leo. Chuoni nilifundishwa majina ya mambo hayo. Mambo yenyewe niliyaona kwake.

Sitaki, Kaka. Nalisema mapema ili usije ukasema hukuambiwa.

Nduguyo wa ziwa moja,
Thuwaiba


Wiyoni, 13 Februari 2025

Kwako Bi Profesa, mdogo wangu,

Wa alaikum salaam. Sote wazima, ila Fahmi ana mafua na mamake anasema ni aiskrimu niliyomnunulia mimi. Mpe Mama hiyo dawa ya kuchua aliyobeba Bi Barka.

Barua yako nimeisoma mara moja, ya pili nimeogopa. Mbuzi, ngozi! Wallahi ungekuwa wakili. Sasa sikiliza. Shamba siuzi. Litakuwa palepale, mipaka ileile. Natoa udongo wa juu tu. Chini yake kuna mwingine, na ukipungua Mungu ataleta mwingine. Nimekwisha kutoa neno langu, na katika mji mdogo kama huu, neno la mtu likianguka naye ameanguka.

Na usisahau. Baba alipogawa mali yake akiwa hai, mbele ya Mzee Abdulghafur, mwamuzi wa mashamba yote ya Siyu, ardhi alinipa mimi, minazi akakupa wewe. Mwenye mti si mwenye ardhi, ndivyo tulivyokuta. Minazi yako sitaigusa. Na yale mapengo ya minazi iliyokufa, unayonililia kila mwaka nikupe idhini upande? Haya, idhini umepata. Panda mapengoni, panda popote katika shamba, panda mpaka mlangoni kwa Mama. Mnazi wako ukija kuzaa, mimi nina mvi na kazi yangu nimeimaliza zamani.

Fungia shahada yako kabatini, uje Lamu tule Idi.

Kakako,
Husni


Siyu, 22 Februari 2025

Kaka,

Assalaam alaikum. Dawa yako imemfaa Mama, sasa anatembea mpaka kisimani. Fahmi apewe tangawizi, na mamake aombwe radhi.

Watu wako wamechimba ile pembe ya chini, karibu na njia, pasipo mnazi. Nilisimama nao kutwa. Wakanitania, "Dada, wahesabu punje?" Nikawaambia nangoja wafike kwenye huo udongo mwingine wa kaka yangu. Hawakufika. Dhiraa moja na shubiri, jembe likalia juu ya mwamba. Matumbawe, Kaka, meupe kama mfupa. Hiyo ndiyo chini yako.

Walipoondoka nilipiga magoti nikaugusa. Maisha yangu yote nilidhani nakanyaga kitu kinene. Kumbe tumelishwa, sisi na baba wa baba zetu, na kitu chembamba kama blanketi, kilichofumwa polepole kwa majani yaliyooza na nyungunyungu wasioonekana. Mungu ataleta mwingine, umesema. Ataleta. Lakini hakutuahidi kuuleta katika umri wetu.

Umesema minazi yangu hutaigusa. Mizizi nayo ni minazi. Mnazi hausimami hewani. Nimemwendea Mzee Abdulghafur, naye amesema kama walivyosema waliomtangulia: mwenye mti ana haki ya udongo unaoushika mti wake, kwa upana wa kivuli chake. Basi watu wako wasitie jembe chini ya kivuli cha mnazi wangu hata mmoja.

Umesema pia nipande. Hilo nalo nimelisikia.

Ramadhani njema. Kula Idi Lamu sitakuja.

Nduguyo wa ziwa moja,
Thuwaiba


Wiyoni, 8 Aprili 2025

Thuwaiba,

Salaam. Idi imepita bila wewe. Rawiya alikuwekea mkate wa sinia mpaka ukaota ndevu.

Mvua ya kwanza imeuteremsha baharini ule udongo wa bustani, karibu nusu yake. Pale juu ya mchanga hauna kitu cha kuushika. Sasa yule mwenye nyumba ya wageni ataka mwingine, zaidi ya ule wa kwanza. Najua utakalosema, usiliseme. Nimekwisha kumwambia ndiyo mbele za watu.

Boti itakuja Jumanne ijayo na watu sita, Wazir akiwaongoza. Hukumu ya kivuli nimeikubali, Mzee Abdulghafur ni mzee wetu sote. Watachimba ule uwanja wa juu, penye mihogo. Huko huna hata ukuti mmoja. Usisimame mbele ya majembe, utanitia aibu.

Kakako,
Husni


Siyu, 16 Aprili 2025

Kaka Husni,

Assalaam alaikum. Mama mzima. Tangu jana anakucheka, msamehe.

Watu wako walifika. Wakapanda mpaka uwanja wa juu, wakasimama. Wazir akauliza, "Ni nini hivi?"

"Ni minazi," nikamwambia.

"Hivi? Havinifiki gotini!"

"Basi usivikanyage."

Nimeipanda tangu mvua ilipoanza, katikati ya mihogo, kutoka safu moja ya mawe mpaka nyingine, Mama akiniokotea nazi zilizochipua. Wazir si mjinga. Akasema, "Haya, kivuli cha huu ni kama sahani. Tutachimba nje ya sahani." Mzee Abdulghafur alikuwa amekaa juu ya gunia lenu. Akamwuliza, "Wazir, mtoto mchanga hurithi fungu gani?"

"Fungu lake kamili."

"Hapunguziwi kwa kuwa hana ndevu?"

Wazir akashika njia nyingine, akasema mwenye ardhi hakutoa idhini ya kupanda. Nikamsomea barua yako ya Februari, pale uliposema "panda popote katika shamba". Aliutazama mwandiko, akairudisha barua mikononi mwangu. "Huyu kajifunga mwenyewe," akasema, wakala mihogo ya Mama, wakashuka gatini.

Najua umeaibika. Mimi nami sifurahi kupigana na mtu niliyejifunza kutembea kwa kushika kidole chake. Lakini sitang'oa hata mche mmoja. Unasema neno lako kwa yule mtu ni zito. Na neno lako kwangu lilikuwa la nini, la kuchekesha?

Wazir amekuletea gunia la mihogo. Hicho ndicho linachokitoa shamba kila mwaka bila kupungua. Ile pembe uliyoichuna iko wazi, mvua inaramba mwamba. Na huko kwenu punda wamejaa, samadi mnaikanyaga na kuitukana. Boti yako isije tena tupu.

Nduguyo wa ziwa moja,
Thuwaiba


Siyu, 18 Mei 2025

Kaka,

Assalaam alaikum. Mama anauliza kama mkono wako umevunjika, maana huandiki.

Leo Mtangawanda yameshushwa magunia ya samadi ya punda yenye jina langu. Bi Barka ameapa hukumpa barua. Nimetafuta mpaka ndani ya magunia, mikono imezama mpaka viwikoni, Mama akicheka mpaka akakaa chini. Hamna. Lakini midomo ya magunia imefungwa kwa fundo la Baba, lile la kuzungusha mara mbili na kuificha ncha, ambalo alitufundisha sisi wawili tu. Nimelisoma.

Nimepanga mawe upya pale pembeni, nikatandaza samadi, makumbi na majani juu ya mwamba. Ni kidogo sana. Nikikandamiza kidole kinafika chini. Mwakani nitafukia mengine, na mwaka wa baada yake. Sitaishi kuuona udongo ukifika dhiraa tena, wala wewe hutaishi. Nitafukia tu.

Usidhani tumepatana. Mtu akija tena na kamba na vigingi, hata akiwa wewe, atanikuta. Magunia nimeyaosha na kuyakausha, Bi Barka anakurudishia.

Yajaze.

Nduguyo wa ziwa moja,
Thuwaiba