Hina ya Bibi Harusi

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Magomeni hatujambo. Shangazi yako amepona mguu, kaanza tena kutugombeza.

Umeniuliza kwa nini picha zako zinapendeza kwenye kompyuta, ukienda kuzisafisha nyuso zinatoka za kijivu. Umenikumbusha Bi Zuhura, mwenye studio ya Kariakoo nilikofanya kazi zamani. Siku moja tulifungua picha za harusi kwenye skrini mpya, hina ikaonekana nyeusi kama piko. Nikataka kuiongezea wekundu. Akanishika mkono.

"Muache bibi harusi. Skrini ndiyo inayoongopa."

Akatoa kanga yake begani, akaipiga picha kwa kamera ileile ya harusi, akaifungua ile picha na kuining'iniza kanga yenyewe kando ya skrini. Kisha akarekebisha rangi za skrini taratibu, mpaka kanga zote mbili zikafanana. Hina ikarudi yenyewe, nyekundu imekolea. Yule mama alikuwa na jicho, wewe! Anza na skrini yako, mwanangu.

Picha zilipotoka, alikuja kuzichukua mama aliyempaka bibi harusi ile hina. Hakutazama uso wala gauni. Aliweka kidole juu ya mkono pichani, akacheka:

"Hii nimeitwanga mimi!"

Bibi yako