Homa ya Siku Zisizopimwa

Mdogo wangu Zaina,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kitu kilichopimwa mara tatu kimekwisha kujulikana. Nisamehe kulitanguliza hilo mbele ya salamu. Hamjambo hapo Busi? Kifua cha shemeji kimepoa? Mimi mzima wa mwili, na vumbi la Mkonze ni lile lile.

Unaandika kwamba Mama hana nguvu, ila dresa wa dispensari amempima Jumatatu, Jumatano na Ijumaa akakuta hana homa, basi ni uzee tu.

Nilipowaletea habari ya msiba wa wifi yako sikueleza yote. Naye alipimwa siku hizo hizo, maana dispensari yetu haifunguliwi siku nyingine. Kila mara kipimo cha kioo kilisema mzima. Nami nilikuwa nikitoka shuleni magharibi, nikimgusa ni jasho na ubaridi.

"Jana nilitetemeka, Mwalimu."

"Kipimo hakisemi hivyo, mke wangu."

"Haya. Hicho kioo chenu kinaujua mwili wangu kuliko mimi niliyemo."

Nilicheka. Jumamosi nilirudi mapema nikamkuta anawaka. Hakufika magharibi.

Baada ya maziko jirani yetu, Mama Ndahani, aliniambia, "Jumanne aliwaka, Alhamisi akawaka. Adhuhuri tu. Wewe ungeona saa ngapi?"

Fikiria ngoma inayopigwa kwa mwendo mmoja, nawe unafungua masikio kila baada ya pigo, unayaziba kabla ya pigo jingine. Utaapa kijiji kimelala. Homa hii hupanda leo, kesho ikatulia, kesho kutwa ikapanda tena. Ukiipima kwa mwendo wake wenyewe, huenda ukaikosa kila mara. Kitu kinachokuja na kurudi hupimwa kwa hatua fupi kuliko hatua zake.

Wiki iliyopita mkaguzi wa Kizungu alilisifu darasa langu. Sikuhisi kitu. Nafundisha hesabu, nala, naosha sahani moja. Sijalia bado.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu msuka mikeka, na mzee wa chuo aliyenifundisha alifu. Mama usimsomee haya. Ukiukuta moto mwilini mwake, hata mara moja, apelekwe akapewe dawa ya kwinini.

Ni mimi kaka yako, Athumani. Sasa weka barua chini, ukamguse Mama shingoni, kisha umguse tena kila adhana, leo na kesho.