Vitenzi vya Jumapili

Jumapili, 2 Machi

Binti yangu amepiga simu tena. Jumapili ya pili mfululizo! Miaka yote salamu zake zilipitia kwa mama yake — mtoto anakusalimu — na mimi najua fika kwamba mtoto hakumsalimu mtu. Nilipokuja huku kutafuta kazi nilimwacha hajang'oa meno ya utoto. Sasa anataka kuingia chuo cha lugha, na kuna mtihani wa Kifaransa. Anahitaji mtu wa kumsikiliza akinyambua vitenzi. Mama yake husinzia. Nikabaki mimi.

Kazi yenyewe rahisi. Amenitumia picha za kurasa za kitabu chake. Nataja kitenzi na mtendaji, yeye anajibu, mimi nafuata kwa kidole nione kama amepatia. Wakati wa kitenzi wanaojifunza una jina refu kama treni ya mizigo. Anasema ni wa mambo ambayo yangalitendeka kabla ya mengine, na siku hizi hausemwi na mtu, uko vitabuni tu. Nikauliza mbona basi wanawatesa nao. Akasema, Baba, soma.

Alipokwama nikamsomea jibu. Eussent. Nikalisoma jinsi lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, mpaka ile ti ya mwisho. Akacheka! Akacheka mpaka mama yake akaja kuuliza kuna nini. Kicheko chake cha ukubwani sikuwa nimewahi kukisikia. Kizito kidogo. Kama cha marehemu mama yangu.

Jumatano, 5 Machi

Joto kazini. Mashuka ya hospitali, mashuka, mashuka. Mimi nayaingiza kwenye mashine ya pasi, mwenzangu anayapokea upande wa pili na kuyakunja. Mkunjaji huyu Kifaransa amekinyonya na maziwa. Nimemwomba anifundishe kutamka, nisimwaibishe binti. Akatazama ile picha kwenye simu, akasema, kaka, maneno haya huwezi kuongea na mtu, labda marehemu.

Lakini amenifundisha. Mashine inanguruma, sisi tunapigiana kelele juu ya shuka: nous eussions fini! Dada msimamizi akaja kuuliza kama tunagombana.

Nimeungua kidole, kidogo tu. Chumbani nikajisomea mbele ya ukuta. Nina furaha na sijui niipeleke wapi.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimesoma vizuri. Kila neno mahali pake, herufi za kumezwa nimezimeza. Kisha akasema, vizuri, Baba, nani amekufundisha? Nikamwambia. Akasema vizuri tena. Tukaenda ukurasa kwa ukurasa kama watu wanaopakua magunia. Tukamaliza mapema. Akaaga.

Hakucheka hata mara moja. Mjinga mimi — nilienda kujifunza!

Jumapili, 16 Machi

Nimesoma vibaya makusudi. Neno fusse nikalitamka kama mtu anayepuliza moto. Nikangoja.

"Baba, usijifanye. Mtihani ni Alhamisi."

Sauti ya mama yake ile ile, siku ile naondoka na begi. Nikaona aibu, mtu mzima na mvi zangu. Nikasoma sawasawa mpaka mwisho. Kabla hajakata nilitaka kumuuliza, mtihani ukiisha, Jumapili itakuwaje? Nikamwambia asiende bila kula.

Alhamisi, 20 Machi

Siku yenyewe imefika. Nimeingiza shuka pindo nyuma, mashine ikalitafuna. Mkunjaji akasema leo huku umeleta mwili tu, roho umeiacha kwenu. Kweli.

Jioni ujumbe kutoka kwa mama yake: anasema ulikuwa mgumu ila maswali yote amejibu. Anasema! Si angeniambia mwenyewe.

Namwombea apite. Lakini kuna kona ya moyo wangu — humu hakuna msomaji, acha niseme — inayomwombea arudie.

Jumapili, 23 Machi

Hakupiga.

Nimefua. Nimekata kucha. Simu nimeenda nayo mpaka bafuni. Jamaa wa kitanda cha juu akaniuliza kama nasubiri kuitwa ikulu. Akashuka, akaenda kwa rafiki zake. Chumba kizima changu.

Ningeweza kupiga mimi. Nipige niseme nini? Hatuna mazungumzo, mimi na yeye, ila vitenzi. Anapenda nini, anaogopa nini, rafiki yake nani — sijui. Naye kwangu vivyo hivyo. Mama yake humwambia baba yuko kampuni. Kampuni ya nini? Hajawahi kuuliza, na mimi nikaona afadhali.

Jumamosi, 29 Machi

Amepita! Mama yake amenipigia nikiwa zamu. Nimemkumbatia mkunjaji pamoja na shuka lake. Dada msimamizi akatupa jicho, alipoambiwa akacheka naye.

Baadaye nikaenda kukaa ngazi za nyuma, kule tunakotundika aproni. Imekwisha. Hakuna tena cha kunyambua.

Jumapili, 30 Machi

Nachemsha chai, simu ikalia. Yeye! Nikampongeza. Akashukuru. Akaniuliza habari za huku, nikasema nzuri. Nikamuuliza za huko, akasema nzuri. Tukakwama. Nilikuwa karibu kumwambia basi tunyambue hata kimoja, cha kuagana. Akanitangulia. Akasema chuoni watajitambulisha, kila mtu na kwao na kazi ya wazazi wake, na ameona hawezi kusema kampuni tu.

"Baba, hivi kazi yako hasa ni nini?"

Nikakohoa. Nikaanza, unajua hospitali zina... Akasema ngoja kwanza, sufuria inafurika, usikate.

Sijakata. Simu iko hapa mezani, wazi. Nasikia mfuniko. Nasikia maji. Mama yake anauliza unaongea na nani, naye anajibu, na Baba. Hivyo tu, kama jambo la kila siku.

Atarudi sasa hivi. Ngoja niandike nitakavyoanza, nisije nikababaika: Kuna mashine ndefu, mwanangu, ina joto sana, na shuka linaponifikia mimi linakuwa bado bichi, limekunjamana, hujui hata nani alililalia, basi mimi nalishika huku na huku, hivi —