Hukushika Bunduki, Baba Venant

Mwaka umekatika, Baba Venant, tangu ututoke hapa Sibwesa, na juzi tulifanya kuganduka, ile siku ya wazee wetu ya kufunga msiba. Tunakuandikia tukiwa bado na hasira. Utusamehe, wewe hukupenda kelele.

Mikono yako tunaikumbuka kila tukishika jembe. Nusu ya majembe ya kijiji hiki yana mipini uliyochonga wewe, na mjane hakuwahi kurudi mikono mitupu kwa sababu hana kitu. Ulichonga ukipiga mluzi, wimbo ule ule mmoja, mpaka mke wako Médiatrice, mama yetu, akakuomba angalau umchoshe kwa mwingine.

Maharage mapya yakiiva, hukuanza kwa kula. Ulitaja majina ya dada zako, Hilaria, Marsela na Lusia, ndipo ukashika kijiko. Hivyo ndivyo tulivyowajua shangazi zetu. Mwaka wa sabini na mbili, kule Burundi, walikuwa uani wanapepeta maharage watu wenye silaha walipoingia wakawaua. Wewe, kijana mdogo, ulikuwa mgombani. Uliona, ukakimbia, hukusimama hadi ukavuka mpaka kuingia Tanzania. Hukutuficha hilo hata siku moja.

Na kwa hilo walikucheka. Audace, mtoto wa baba yako mdogo, aliyekwenda kupigana katika vita vya baadaye, alikuita mwoga kilabuni mbele za watu, miaka nenda miaka rudi. Ukiwataja dada zako, anakwambia yaliyopita si ndwele. Lakini mapigano yake mwenyewe, hayo yalikuwa hayaishi kusimuliwa! Ulimjibu mara moja tu: "Ndiyo, nilikimbia. Ningebaki, nani angewataja?"

Ulipokufa, huyo huyo Audace alishika kipaza sauti kwenye mazishi yako akakupa bunduki ambayo hukuwahi kuigusa. Eti ulipigana. Eti ulilipiza kisasi cha dada zako. Watu wakapiga makofi, makofi makaburini! Mwezi haujaisha, akaleta kutoka Mpanda kibao cha saruji kilichoandikwa "Venant, Mpiganaji Shujaa." Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Yeye alitaka vyote viwili, akucheke ukiwa hai, akulilie kishujaa ukiwa huwezi tena kumkanusha. Tulinyamaza, maana kaburi si mahali pa ugomvi. Mama naye akawa anakuja kung'oa majani kaburini bila kukitazama kile kibao.

Juzi wazee wakauliza, kama desturi, nani ana neno kabla msiba haujafungwa. Ukishafungwa haufunguliwi tena, na kibao kingebaki hivyo mpaka kwa vitukuu. Audace alikuwa ameshasafisha koo ahutubie. Mama akamtangulia kusimama. Mama, ambaye tangu umwoe hajawahi kusema mbele ya wazee wa ukoo wako.

"Kibao kile kitoke," akasema.

Audace akamwambia, kwa upole ule wa kumbembeleza mtoto, kwamba anamvua mumewe heshima.

"Heshima gani, shemeji? Ukiandika vita pale, atakayesoma atadhani dada zake nao walikufa wakipigana. Hawakupigana na mtu. Walikuwa wanapepeta maharage. Nyie mnaopenda vita, viandikeni kwenye makaburi yenu."

Audace akatafuta wa kumuunga mkono, hakumpata. Mzee Evarist, mkubwa wa ukoo, akamtuma mwanao Arcade alete mtaimbo.

Kibao kiko nyuma ya nyumba sasa, Mama anafulia juu yake. Maandishi bado yanasomeka, lakini sabuni ipo na haraka hatuna.

Ule mti mkavu uliouacha stoo ukisubiri kuwa mipini, Arcade ameuchonga msalaba. Tumeandika: "Venant, kaka wa Hilaria, Marsela na Lusia. Alikimbia, akawataja." Audace akitaka kuja kula nasi, mlango uko wazi. Ila atataja majina kwanza, kama sisi.

Tunaokukumbuka ni mke wako Médiatrice, watoto wako Emelyne, Arcade na Joséline, wajukuu zako wote, na majirani wanaolima kwa mipini yako. Humu ndani hakuna kijiko kitakachoinuliwa kabla hujatajwa.

Jana jioni tulipika maharage mapya, Baba. Mama akafunua chungu, akaanza mwenyewe: Hilaria, Marsela, Lusia, Venant.