Foleni ya Kileleni

Bethesda,
9 Agosti

Dada yangu mpenzi Mererid,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti la shemeji limepata nafuu. Sisi huku hatujambo, ila mvua haituachi. Mama ana nguvu. Jana alioka mkate wa zabibu, akanigombeza kwa kutokula.

Pongezi zako zimenifikia, nazo ndizo zilizonishikisha kalamu, maana sizistahili.

Unajua tulikuwa tunapanda milima mitatu kwa siku moja ili kuichangia wodi ya watoto. Yr Wyddfa ulikuwa wa mwisho, na tulishachelewa. Juu tulikuta foleni ya kupiga picha kwenye nguzo ya kilele imeshuka hadi chini ya ngazi, watu wamesimama saa nzima na upepo ule. Wenzangu wakanitazama mimi kiongozi wao. Nikaenda mbele kuomba tupishwe. Wengi walikubali, wengine wakatupigia makofi. Aliyekataa ni mzee mmoja aliyebakiza watu wawili tu afike. Alisema kwa upole kwamba kila aliyekuwa pale alipanda kwa miguu yake, na kwamba ya kwake ikishapoa haitamshusha salama.

Tulipita. Tukapiga picha karibu nusu saa: ya wote, ya mmoja mmoja, ya bango letu la mchango. Ukungu ukafunga. Tulipogeuka, mzee hayupo.

Kesho yake alikutwa chini ya miamba, amekufa. Aliitwa Idwal, mchonga mawe mstaafu wa Nantlle. Kwenye uchunguzi wa kifo chake, afisa aliuliza kama yupo aliyezungumza naye kileleni. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, Mererid, na sikuinua mkono. Wakaandika kwamba ni ukungu.

Tangu siku hiyo namwona. Si ndotoni. Nikipanga foleni dukani nahisi amesimama nyuma yangu, kofia ya sufu mkononi, ananisubiri. Nikigeuka ni mtu mwingine, nami nampisha. Nampisha kila mtu, mpaka mwenye duka ameniuliza kama naumwa.

Sasa nikuambie nililowaficha hata wenzangu, waliokuwa nyuma kwenye foleni wasisikie. Mzee alipokataa, niliigeukia foleni nikasema kwa sauti: "Jamani, huyu babu anaona picha yake ina maana kuliko watoto wagonjwa." Watu wakaguna. Mmoja akamwambia, "Toka basi, babu, usitutie aibu." Akavua kofia, akatoka kwenye foleni, akashika njia ya kuteremka peke yake.

Jumanne nilikwenda kwa binti yake, Heulwen. Nilimweleza yote nikiwa mlangoni. Alinikaribisha ndani, nikabaki kizingitini. Alisikiliza huku akijifuta mikono kwenye aproni. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliuliza jambo moja tu, baba yake alinijibu nini.

"Aliniomba radhi," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia sauti anayoifahamu, kisha akafunga mlango taratibu.

Afisa nimemwandikia pia leo. Utasikia mengi juu yangu, na nilitaka uyasikie kwangu kwanza. Mama bado hajui. Nibusie wanao, mpe pole shemeji, na ukiweza uje, hata kwa siku moja.

Mdogo wako,
Lowri