Shemeji wa Kwenye Zebra

Mama Neema wangu,

Najua huko Newala mnajifunika mablanketi. Hapa Masasi jua limenikaanga kama korosho, na kilichobaki kimemaliziwa na wivu.

Asubuhi nilisimama kwenye zebra ya barabara kuu, nimenyoosha mkono kama trafiki asiye na sare. Bodaboda zikanipita, bajaji zikanipita, mpaka nikaanza kujionea huruma. Mara lori kubwa likafunga breki, na magari yote nyuma yake yakasimama. Dereva akachungulia dirishani, mtu wa makamo, meno meupe kuliko yangu.

"Pita, shemeji!"

Shemeji? Kaka zako wote nawajua, na hakuna hata mmoja anayeendesha lori. Basi nikasimama katikati ya barabara na kitambi changu, nikamuuliza, "Shemeji kwa nani?"

"Si kwa Mama Neema! Harusini kwenu si nilikuja? Tuliimba naye kwaya kule kijijini Lulindi. Ile sauti yake, baba, mpaka leo sijasikia nyingine!"

Na mimi mwenye mke sijawahi kuimbiwa hata ubeti mmoja.

Honi zikaanza kulia. Akacheka: "Vuka kwanza, shemeji, wivu utaumalizia ng'ambo!"

Niko ng'ambo tangu saa zile, nimeshakunywa chai na chapati, na haujaisha.

Wasalimie watoto, Mungu awatunze. Maji yakitoka usibebe ndoo kubwa peke yako. Nami nikifika usikimbilie jikoni. Kaa hapo, uniimbie.

Wako, Baba Neema