Ufa Juu ya Taya

Jumatatu, 10 Novemba

Taya! Limejitokeza chini ya ukuta wa machimbo — nusu nje, nusu bado ndani ya mwamba. Meno ya mbele yamepinda, makali, ya kula nyama. Ya nyuma yamefichwa. Yakiwa mapana, yenye kingo kama za jani, basi nimempata: dinosaria mla nyama aliyeanza kuonja majani, babu wa yale majitu yaliyokula miti. Yakiwa makali, msimu mzima umekwenda bure. Nimekunywa chai iliyopoa bila kujua.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua imenyesha usiku kucha. Dereva wetu, Breki (jina kalipata kwa kuogopa kila mteremko), kanionyesha ufa ukutani, palepale juu ya taya. Unaingia kidole. Anasema jana haukuwepo. Nikamwambia jana hakuangalia!

Hata hivyo nimebandika donge la plasta kukatiza ufa, plasta ileile tunayofungia mifupa. Ukuta ukisogea, itapasuka. Shemeji, mdogo wake mume wangu, akacheka: usipoziba ufa utajenga ukuta, dokta! Yeye ndiye mwembamba kuliko sisi sote, kwa hiyo yeye ndiye atakayeingia kwenye shimo tulilochimba chini ya ukuta, kufikia meno ya nyuma. Ameomba mwenyewe. Sikumlazimisha.

Alhamisi, 13 Novemba

Plasta imepasuka. Mstari kama unywele tu. Plasta hupasuka ikikauka, nani asiyejua? Labda nilizidisha maji.

Mama mkwe kapiga simu. Kauliza: shemeji, kitinda mimba wake, anakula vizuri? Nimekukabidhi wewe, mwanangu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kisha nikasingizia mtandao mbovu, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima.

Naogopa. Lakini mawingu yamerudi, na mvua nyingine kama ile italisomba taya lote. Naogopa hilo zaidi. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi nimetangulia peke yangu. Unywele umeachama. Ufa sasa unaingia vidole vitatu. Nimekoroga plasta mpya, nikapaka juu ya ile ya zamani, nikailainisha kwa kiganja. Nyeupe, nzima. Haya, ufa nimeuziba!

Shemeji alitazama juu kabla ya kuingia. Akaiona plasta. Akanikonyeza, akalala kifudifudi, akajivuta ndani. Breki kagoma kusogea. Yuko garini, injini inanguruma.

Naandika hapahapa, mlangoni mwa shimo, maana mikono imekosa kazi. Naona soli za viatu vyake tu. Anaita — jino la nyuma limetoka! Pana! Kingo za jani kabisa! Shemeji, tumempata! Yamebaki mawili, anasema, nimpe muda kidogo.

Nimemwambia sawa.

Kuna mchanga kwenye ukurasa. Nimeupuliza. Umerudi.